Kaka anataka niandike kwamba ninaishi kwenye fleti aliyotuachia mama

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie kufikiri, maana muda unanibana na nyumbani hatuelewani.

Ninaishi na mwanangu kwenye nyumba yangu mwenyewe. Ndani kuna chumba kimoja cha ziada ambacho huwapa wageni wa siku mbili tatu. Jiko na sebule tunatumia pamoja. Uani kuna kijumba chenye chumba, bafu na meko, na mlango wake unatokea kwenye geti dogo la pembeni. Hicho nacho napangisha kwa wageni. Kisha kuna fleti aliyotuachia mama, mimi na kaka yangu mkubwa, ghorofa ya tatu upande wa pili wa mji. Pale haishi mtu. Mgeni huchukua ufunguo kwenye kisanduku cha namba, hulala siku zake, huondoka, na msafishaji hupita. Fleti hiyo inaingiza fedha kuliko chumba na kijumba vikijumlishwa, nasi tunagawana nusu kwa nusu.

Halmashauri yetu imepitisha kanuni mpya za mipango miji, na upangishaji wa muda mfupi umegawanywa mafungu mawili. La kwanza ni la mwenyeji aliyepo, yaani anayelala hapo hapo wakati mgeni yupo. Hilo linaruhusiwa maeneo yote ya makazi ukishajiandikisha. La pili ni bila mwenyeji, mgeni anaachiwa nyumba nzima. Hilo linaruhusiwa maeneo ya biashara na ya mchanganyiko. Kwenye maeneo ya makazi pekee linaruhusiwa tu kama nyumba ndiyo makazi makuu ya anayeipangisha, tena isizidi usiku 60 kwa mwaka. Fleti ya mama iko eneo la makazi pekee. Mwisho wa kujiandikisha ni mwisho wa mwezi ujao.

Kaka anasema jambo hili ni jepesi. Nijiandikishe mimi kama mwenyeji anayeishi kwenye fleti, nihamishie huko bili ya umeme na anwani yangu, niache nguo na godoro kwenye stoo, na nyumba ninayoishi niiandikishe kwa jina la mwanangu. Anasema wengi watafanya hivyo. Anasema pia kwamba sisi tulianza kabla ya kanuni, kwa hiyo hazituhusu.

Lipo jingine linaloniuma. Chini ya fleti anaishi mama mmoja aliyekuwa rafiki wa mama yetu tangu tukiwa wadogo, na ndiye aliyesaidia kumuuguza. Nimesikia amepeleka malalamiko halmashauri. Anasema wageni wanambonyezea kengele usiku wa manane wakitafuta mlango, wanaburuta masanduku juu ya kichwa chake, na kuna siku maji yalivuja kutoka bafuni kwetu hadi kwake naye hakujua ampigie nani. Kaka anasema ni wivu tu. Mimi sijui nitamtazamaje usoni.

Fedha ya fleti ndiyo inayolipa ada ya chuo ya mwanangu, na masomo hayajaisha. Nikikataa, kaka ataona nimemnyima chake. Nikikubali, nimetia saini jambo lisilo kweli. Na hicho kijumba cha uani, mimi nikiwa ndani ya nyumba, mwenyeji nipo au sipo?

Niliye Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, dada. Pole kwa mzigo huu, na asante kwa kueleza kila kitu bila kuficha. Nikikuelewa vizuri, unaulizwa mambo matatu kwa mpigo: kanuni inataka nini, kaka anataka nini, na jirani ana haki gani kwako. Wewe umeyabeba kama jambo moja, na nadhani ndiyo maana linakuelemea. Tuanze na kanuni, kwa sababu pendekezo la kaka linasimama au kuanguka hapo.

Mamlaka zinapotenganisha mwenyeji aliyepo na asiyekuwepo, hazihesabu una nyumba ngapi. Zinauliza usiku ule mgeni alipolala, mwenyeji alilala wapi. Aliyepo husikia kelele akazituliza, hujua nani kaingia, na nyumba yake inabaki kuwa makazi ya mtu. Nyumba isiyo na mwenyeji imetoka kwenye hesabu ya nyumba za watu kuishi, na kero zake zinawaangukia majirani. Kwa hiyo chumba chako cha ndani ndicho chenye njia nyeupe: unalala humo, jiko ni moja. Kiandikishe mapema bila kusubiri mengine yaamuliwe.

Kijumba cha uani ndicho chenye utata, na umefanya vema kuuliza. Kila mji una mpaka wake wa hilo neno “hapo hapo”. San Francisco huangalia nyumba yenyewe anamolala mgeni: mwenyeji awe amelala ndani ya nyumba hiyo hiyo, na kuwa jirani uani hakutoshi. New York, ambako usajili wa lazima ulianza kusimamiwa Septemba 5, 2023, imeenda mbali zaidi. Kwa upangishaji wa chini ya siku 30, mwenyeji lazima awepo, wageni wasizidi wawili, na milango ya ndani isifungwe kwa ufunguo kati ya mwenyeji na mgeni. Lakini British Columbia, Kanada, kwenye jamii ambazo sharti la makazi makuu lilianza Mei 1, 2024, mtu anaruhusiwa kupangisha nyumba anayoishi pamoja na kijumba kimoja kilichomo kwenye kiwanja hicho hicho. Kijumba chako kingepita huko, na New York kingekwama getini.

Kwa hiyo fungua sehemu ya fasili kwenye kanuni zenu uone mwenyeji anatakiwa awe ndani ya nyumba ile ile au kwenye kiwanja kile kile. Isiposema wazi, maafisa huangalia vitu vya kushikika: kina mlango wake? Kina meko? Kina mita yake ya umeme? Kijumba chako kina viwili vya kwanza, kwa hiyo usidhanie jibu. Iandikie ofisi ya mipango miji barua fupi, eleza kilivyo, ambatisha mchoro wa kiwanja, na uombe jibu la maandishi. Ukiambiwa “endelea tu” kwa mdomo, siku ya mkaguzi hutakuwa na cha kumwonyesha.

Kabla hujaipeleka barua hiyo, tafuta kibali cha ujenzi cha kijumba. Kama kiliruhusiwa kama stoo, au meko yaliongezwa baadaye bila kibali, utakuwa umejiletea swali jingine. Jua hilo kwanza ili uamue kama utarekebisha kibali kabla ya kuomba usajili. Na mkaguzi akija ataangalia kama dirisha la chumba cha kulala linafunguka kiasi cha mtu mzima kutokea, kama kuna kitambua moshi ndani ya chumba na nje ya mlango wake, na kama panapotumika gesi au mkaa kuna kitambuzi cha hewa ya kaboni monoksaidi. Kizimamoto kiwe karibu na mlango wa kutokea. Watu wengi hukitundika juu ya meko, mahali ambapo moto ukiwaka hakifikiki.

Sasa fleti. Nakuomba, dada, tuuchukue mpango wa kaka tuutembeze hadi mwisho, kana kwamba umefanikiwa na hakuna aliyegundua.

Umeandika kwamba fleti ndiyo makazi yako makuu. Kanuni yenu inakupa nini? Usiku 60 kwa mwaka wa kuipangisha nzima. Usiku wote unaobaki unatakiwa uwe unalala pale pamoja na mgeni. Kwa hiyo hata uongo ukipita, fleti hairudi kwenye mapato yake ya sasa. Na mtu ana makazi makuu mamoja tu. Siku unapoyahamishia kwenye fleti, nyumba unayoishi inaacha kuwa na mwenyeji kwenye karatasi, na chumba chako cha ndani, ambacho leo hakina doa, kinahamia fungu la pili pamoja na kijumba. Sidhani kaka amelipigia hesabu hilo. Na kuiandikisha nyumba yako kwa jina la mwanao si jambo la karatasi tu: kuna kodi ya uhamisho, kuna benki kama una mkopo, na kuirudisha kwa jina lako kutategemea yeye.

Kisha kuna ushahidi. Kuhamisha bili ya umeme hakumfanyi mtu awe mkazi. Maafisa hulinganisha anwani ya kodi, ya daftari la wapiga kura, ya bima na ya shule. Kalenda ya fleti yenyewe pia ni shahidi: tangazo likisema “nyumba nzima” na usiku mia mbili zikiwa zimeuzwa, swali litakuwa wewe ulilala wapi. San Francisco hudai mwenyeji awe anaishi kwenye nyumba yake angalau usiku 275 kwa mwaka, na kikomo chake cha kupangisha bila mwenyeji ni usiku 90. Ukijumlisha unapata mwaka mzima, na hesabu hiyo hukaguliwa. Majukwaa, yaani tovuti na programu ambako wageni hutafuta na kulipia nyumba, nayo yameingizwa kwenye usimamizi. New York hayaruhusiwi kupokea malipo kabla ya kuthibitisha namba ya usajili, na Umoja wa Ulaya una kanuni namba 2024/1028, inayotumika kuanzia Mei 20, 2026, inayoyataka majukwaa yazipelekee mamlaka takwimu za upangishaji. Sikutishi. Nataka ujue kwamba mambo haya hayategemei tena jirani kuchungulia dirishani.

Zaidi ya yote, fikiria nani anatia saini. Fomu hizi huwa na tamko kwamba maelezo ni ya kweli, na faini humfuata aliyesaini. Bima nayo husoma tamko hilo. Yale maji yaliyovuja kwa mama wa chini yakivuja tena, kampuni ikakuta umesema unaishi pale na huishi, inaweza kukataa kulipa, na dari ya jirani itakuwa juu yako wewe na kaka.

Hoja ya “tulianza kabla” isitupwe bila kuangaliwa, kwa sababu kuna miji inayolinda matumizi yaliyotangulia. Lakini kwa kawaida kinacholindwa ni matumizi yaliyokuwa halali wakati huo: yenye leseni kama ilitakiwa, na kodi iliyolipwa. Uskochi iliwapa waliokuwa tayari kwenye kazi muda wa kuomba leseni hadi Oktoba 1, 2023, bila kuwasamehe leseni yenyewe. British Columbia iliondoa kabisa kinga ya matumizi ya zamani kwa upangishaji wa aina hii. Tafuta kwenye kanuni zenu kifungu cha mpito, kisha mwulize kaka ana risiti na vibali gani vya kipindi hicho.

Njia za fleti zipo, na kila moja ina mwiba wake.

Moja ni kupangisha kwa muda mrefu zaidi. Kanuni hizi huwa na mstari, mara nyingi siku 30, ambao juu yake mgeni huhesabiwa mpangaji. Kwenye jimbo la New South Wales, Australia, mgeni anayekaa siku 21 mfululizo au zaidi haingii kwenye kikomo cha siku 180 kilichowekwa Sydney kwa nyumba zisizo na mwenyeji. Ujue mstari wenu uko wapi. Mfanyakazi wa mkataba, mgonjwa anayehitaji kuwa karibu na hospitali au familia inayokarabati nyumba yake hutafuta mahali penye samani kwa miezi kadhaa. Bei ya usiku itashuka, lakini kabla ya kulia ondoa kwanza gharama ulizozizoea: usafi kila baada ya siku tatu, kamisheni ya jukwaa, mashuka, umeme, na usiku zilizokaa tupu. Linganisha kinachobaki mkononi kwa mwezi. Mwiba wake ni kwamba mpangaji hupata haki za mpangaji. Akigoma kutoka, utapitia utaratibu wa sheria, na huwezi kubadilisha kitasa tu. Mkataba uandikwe, orodha ya samani isainiwe, picha zipigwe.

Nyingine ni mtu aishi pale kwa kweli. Je, chuo cha mwanao kiko upande huo? Je, kaka mwenyewe anaishi wapi? Mtu akihamia kwa dhati, anaweza kukodisha chumba kimoja akiwa mwenyeji aliyepo, bila kikomo cha usiku 60. Uliza kama mwenyeji lazima awe mmiliki au mkazi wa kudumu anatosha, maana kanuni hutofautiana. Lakini kumweka mwanafunzi kulala na wageni asiowajua, wiki za mitihani zikiwemo, ni kumpa kazi. Aulizwe yeye, tena akiwa huru kukataa.

Ya tatu ni kuomba kubadilisha matumizi ya fleti. Kabla ya kulipa ada ya maombi, soma sheria ndogo za jengo, kwa sababu umoja wa wamiliki unaweza kukataza hata halmashauri ikiruhusu. Kisha omba mazungumzo ya awali na afisa mipango. Ombi hubandikwa au hutangazwa, majirani hupewa nafasi ya kusema, na huchukua miezi, wakati huo wote ukiwa huruhusiwi kupokea wageni. Edinburgh, ambayo tangu Septemba 5, 2022 imekuwa yote eneo la udhibiti wa upangishaji wa muda mfupi, huangalia sana kama fleti inatumia ngazi moja na wakazi wengine. Yenu inatumia. Sisemi usiombe, ila usiipangie ada ya chuo fedha ambayo haijapata kibali.

Na ipo ya kuuza, au mmoja wenu kununua sehemu ya mwenzake. Naitaja tu iwe mezani.

Kuhusu mama wa chini, niruhusu niulize: umeona wapi huo wivu? Nimesoma malalamiko yake kwenye barua yako, na hakuna hata moja linalogusa fedha zenu. Kengele, masanduku, maji. Yote matatu yana sababu inayojulikana na dawa inayojulikana. Mgeni hubonyeza kengele ya chini kwa sababu namba ya fleti haionekani gizani, au maelekezo yenu hayasemi ghorofa ya ngapi: weka namba kubwa mlangoni, taa inayowaka mtu akipita, na picha ya mlango kwenye ujumbe wa mapokezi. Masanduku hutulia ukitandika zulia nene kutoka mlangoni hadi chumbani na ukiweka saa ya mwisho ya kupokea wageni. Maji yanataka mtu wa kupigiwa. Kanuni nyingi hudai nyumba isiyo na mwenyeji iwe na msimamizi aliye karibu, anayepokea simu saa zote, na namba yake wapewe majirani. Hata kama kwenu haidaiwi, huyu mama alistahili kuwa nayo, pamoja na kuonyeshwa koki ya kufungia maji ilipo. Hata mpangaji wa miezi sita anaweza kuvujisha bafu, kwa hiyo hilo halisubiri uamuzi wowote.

Ningependa uende kwake, peke yako, kabla ya kujaza fomu yoyote. Usiende kumwomba afute malalamiko, maana ukimwomba hilo utakuwa umekuja kwa haja yako. Nenda ukaangalie dari yake, uulize iligharimu kiasi gani, umsikilize. Huenda akakupokea kwa ukali. Uchungu wa mtu aliyemuuguza rafiki yake kisha akasahauliwa na watoto wa rafiki huyo hauishi kwa ziara moja, na usimdai aumalize.

Kwa kaka, sidhani vita vya maneno vitasaidia. Ana nusu yake na hofu yake, na huenda hajawahi kuisoma kanuni yenyewe. Kaeni na karatasi: usiku 60 mara bei yenu, toa gharama, gawa kwa mbili. Kando yake andika kodi ya mpangaji wa miezi sita. Chini ya hapo andika kitakachopotea kwenye chumba na kijumba makazi yako makuu yakihama. Kisha muulize kwa upole kama yuko tayari jina lake ndilo liwe kwenye tamko. Sehemu nyingi hudai ridhaa ya wamiliki wote kabla ya usajili, kwa hiyo bila wewe hawezi kwenda mbele, na bila yeye huwezi wewe. Huo ni msimamo wa watu wawili wanaohitajiana, usiuone kama ugomvi tayari.

Uamuzi nauacha kwenu, kwa kuwa nyinyi ndio mnaojua ada, jengo na ukoo wenu. Lipo moja tu lisilosubiri uamuzi. Ingia kwenye kalenda ya fleti leo, ufunge tarehe zote zinazofuata mwisho wa mwezi ujao, kisha uhesabu wageni waliokwisha kulipia siku hizo. Waandikie mapema uwarudishie fedha zao, na usome masharti ya jukwaa kuhusu mwenyeji anayefuta: baadhi hutoza adhabu, na baadhi huiondoa ukituma nakala ya kanuni mpya ya halmashauri.